Wapakistani walijifunzia wapi Tekken, na sisi wa vibandani tuliishia wapi?

Dogo_wa_Kihonda

Shikamooni wakubwa, wenzangu mambo vipi.

Nina miaka 21, nasoma chuo hapa Morogoro. Tekken, ule mchezo wa video wa watu wawili kupigana, nimeanzia ya 7 kwenye kompyuta ya rafiki yangu bwenini, sasa tunacheza ya 8. Wiki hizi nimekuwa naangalia mashindano ya zamani ya Evo, yale makubwa ya gemu za kupigana ya Las Vegas. Majina ni yale yale, Mkorea akitoka anaingia Mkorea mwenzake. Halafu 2019 anatokea mtu wa Lahore, Arslan Ash, anabeba Evo ya Japan mwezi wa pili na ya Marekani mwezi wa nane. Baada yake wanafuata Wapakistani wengine utadhani wamehitimu shule moja.

Nina maswali mawili. Hawa watu walijifunzia wapi? Kabla ya hapo siioni Pakistan ikitajwa popote. La pili, baba zangu wadogo wote wanaapa kwamba enzi zao Tekken 3 ilichezwa kila mtaa. Kama ni kweli, kwa nini sisi hatukufika? Naomba mwenye historia anieleze. Mtandaoni nimeshatafuta, napata orodha ya washindi tu.

Kipanga_Mweusi

Dogo, hakuna siri hapo. Wale hawana kazi za kufanya, wanacheza gemu asubuhi mpaka usiku. Ukikaa kwenye kitu saa kumi na nane kwa siku lazima uwe bingwa.

Mzee_wa_Barabara12

Marahaba mwanangu.

Swali lako nimelisoma jana usiku nikalala nalo, maana nimeishi pande zake zote mbili. Kuanzia 2000 hadi 2007 nilikuwa na kibanda cha gemu Tanga, Ngamiani, barabara ya 12. Baadaye nikaenda Muscat kufanya kazi kwenye ghala la vipuri vya magari, na chumba changu pale Ruwi nilikaa miaka sita na kijana wa Lahore. Kipanga, ndugu yangu, hilo la kukosa kazi si kweli. Mwenzangu yule aliamka saa kumi na moja alfajiri kila siku kubeba magiaboksi, na usiku akiniwekea pedi ya gemu mkononi nilikuwa sioni hata ngumi imetokea wapi.

Lakini huwezi kuwaelewa Wapakistani bila kuanza na Wakorea.

Tekken ni kazi ya Namco ya Japan, na mwaka 1994 ilianza kwenye mashine za ukumbini, zile za kutumbukiza sarafu. Miaka mingi utaratibu ulikuwa huo, kila toleo linatoka ukumbini kwanza, nyumbani baadaye. Tekken 3 ilikuwa ukumbini 1997, kwenye PlayStation ikaja 1998. Tekken 6 iliingia ukumbini 2007, wa nyumbani wakaipata 2009. Tekken 7 ndiyo ilizidi. Kumbi za Japan na Korea ziliipata Machi 2015, sisi wa kucheza nyumbani tukaisubiri hadi Juni 2017. Hebu fikiria. Mtu ana miaka miwili ya kufungwa na kujifunza, wewe ndiyo kwanza unachana nailoni ya boksi.

Sasa rudi kwenye orodha yako. Evo 2013, walipokuwa wanacheza Tekken Tag 2, alishinda Knee wa Korea. 2014 JDCR wa Korea. 2015 ilikuwa Tekken 7 na akashinda Nobi wa Japan. 2016 Saint, 2017 JDCR tena, 2018 LowHigh, na wote watatu ni Wakorea. Ila usije ukadhani ni hiyo miaka miwili peke yake, kwa sababu Wajapani nao walikuwa na mashine zile zile siku ile ile. Wakorea walikuwa na kitu cha ziada.

Seoul kulikuwa na ukumbi unaitwa Green Arcade. Wachezaji wakubwa wa Korea unaowasikia wamepita pale. Unaingia na sarafu zako, unakaa kwenye mashine, anayekupiga anabaki, wewe unainuka au unatoa sarafu nyingine. Kuanzia Tekken 5 mashine zilikuwa na kadi. Unaichomeka, inahifadhi cheo chako, na ukifungwa mfululizo cheo kinashuka watu wakiona. Kwa hiyo kila pambano lilikuwa linauma sehemu mbili, mfukoni na kwenye jina. Juu ya hapo wakawa na televisheni. Kituo cha MBC Game kilirusha ligi ya timu za watu watatu watatu, Tekken Crash, na kijana wa mtaani akawa anaonekana nchi nzima akipigania cheo. Mwanzoni mwa 2012 kituo kile kilifungwa kikageuzwa cha muziki. Wachezaji waliokomaa kwenye ligi ile waliendelea kushinda mashindano miaka mingi baadaye.

Hapa naomba nipumzike kwa mtu mmoja ninayempenda kupita wote, Qudans. Kucheza kwake Devil Jin, mmoja wa wapiganaji wa ndani ya gemu, kulikuwa kama fundi cherehani anayejua kila uzi wa nguo. Alikwenda jeshini, kule kwao ni lazima kwa mwanaume, na akatoweka kwenye mashindano. Watu wakasema mikono imeshapoa. Novemba 2017 wakafanya fainali ya kwanza ya dunia ya Tekken World Tour, San Francisco, na Qudans akamfunga JDCR akachukua taji. Mwaka uliofuata, Amsterdam, akashinda Mkorea mwingine, Rangchu, akitumia Panda. Panda, mwanangu! Dubu ambaye dunia nzima walikuwa wanamchagua kwa kuchekesha. Rangchu alimfanyia kazi miaka na miaka mpaka akajua kila kona ya mwili ule mnene. Nikikumbuka fainali ile mpaka leo mwili unanisisimka.

Pakistan nitaileta baada ya Isha, nina wageni.

FremuKumi

Wakati tunamsubiri mzee, niongeze la kiufundi.

Tekken inakwenda fremu 60 kwa sekunde, yaani picha 60 zinapita kwenye skrini kila sekunde. Ngumi ya haraka ya wapiganaji karibu wote wa ndani ya gemu inatoka kwa fremu 10, yaani sehemu moja ya sita ya sekunde. Hiyo haiwezekani kuiona kisha ukazuia, lazima uwe umeihisi inakuja. Ngumi ya wapiganaji wa ukoo wa Mishima inayotoa cheche za umeme inataka kitufe na kona ya chini-mbele vibonyezwe kwenye fremu moja ile ile. Ukichelewa fremu moja inatoka ngumi ya kawaida, mpinzani akiizuia umeumia.

Kingine ni kile ambacho dunia nzima inakiita kurudi nyuma kwa Kikorea. Ukiruka nyuma mara moja mchezo unakufunga muda kidogo kabla hujaruka tena. Wakorea waliupangua ule muda kwa kugusa chini-nyuma katikati, wakawa wanateleza nyuma mfululizo kama mtu yuko kwenye sakafu ya sabuni. Pigo linakosa, wanaadhibu. Tangu hapo huwezi kuitwa mchezaji bila kuujua.

Sasa yote haya, ukiweka mtandao wenye kuchelewa fremu tano sita katikati, yanaharibika. Ndiyo maana historia ya mchezo huu ni historia ya watu waliokaa kwenye benchi moja.

Mzee_wa_Barabara12

Nimerudi. FremuKumi umesema vizuri, na hilo la benchi ndilo lenyewe.

Mwenzangu wa Ruwi alinieleza Lahore ya utotoni kwake hivi. Dukani mbele wanauza biskuti, soda na vocha. Nyuma kuna pazia, ukilifungua unakuta masanduku ya mbao yenye televisheni ndani, stiki na vitufe juu. Mengine ndani yake mmewekwa PlayStation ya kawaida, fundi kaunganisha waya. Mwenye duka anakuuzia kitokeni cha plastiki. Na anayefungwa ndiye anayelipa. Mwenye kushinda anaweza kukaa kuanzia adhuhuri hadi maghribi kwa kitokeni kimoja, na mtoto asiye na hela ana njia moja tu ya kucheza sana, nayo ni kutofungwa.

Alisema mchezo uliotawala mitaa yao miaka mingi ulikuwa King of Fighters. Arslan naye alitokea huko kabla hajahamia Tekken. Hilo ni la kuzingatia, kwa sababu wale watu walikuja wakiwa tayari wana miaka ya kusoma nafasi, kungoja, kumpa mpinzani njaa mpaka akose subira. Tekken ilikuwa lugha ya pili kwao, lakini kuzungumza walishajua. Ndiyo maana ukimtazama Arslan 2019 hukuona mbwembwe. Alimtumia mpiganaji anayeitwa Kazumi, ana mapigo machache yaliyonyooka. Anasogea, anarudi, anasogea, anakuchoma ngumi ndogo. Watu wakawa wanauliza, huyu anashindaje bila kufanya kitu? Alikuwa anafanya, ila mkononi kwa mpinzani. Kila ulichotaka kupiga ulikuta hayupo.

Kwa nini dunia haikuwasikia? Viza na nauli. Jibu ni hilo, halina mapambo. Kijana wa Seoul akitaka kwenda Las Vegas anatafuta tiketi. Kijana wa Lahore anatafuta tiketi, barua ya mwaliko, taarifa ya benki, mtu wa kumdhamini, halafu anangoja, na anaweza kuambiwa hapana bila kuelezwa sababu. Hata baada ya kuwa mabingwa, mara kadhaa wamekosa mashindano kwa sababu hiyo.

Safari ya Arslan kwenda Evo Japan, Februari 2019 mjini Fukuoka, naikumbuka kwa sababu mwenzangu alikuwa anaifuatilia kama anayesubiri mgonjwa kutoka chumba cha upasuaji. Viza ilichelewa. Akaunganisha ndege kupitia nchi kadhaa, njiani mambo yakavurugika akalazimika kutafuta tiketi nyingine. Akafika mahali anataka kubadilisha rupia za Pakistan apate chakula, hazipokelewi. Alifika Fukuoka amechoka, hajalala vizuri. Na akacheza hivyo hivyo.

Fainali ilikuwa Jumapili, na Oman Jumapili ni siku ya kazi. Japan wametutangulia saa tano, kwa hiyo sisi tulikuwa ghalani kazi imepamba moto. Tuliiweka simu juu ya boksi la vichujio vya mafuta, sauti tumezima, msimamizi yuko ofisini. Fainali Arslan alikutana na AK wa Ufilipino, kijana mkali sana. Niliangalia uso wa mwenzangu kuliko nilivyoangalia simu. Alipomaliza lile pambano la mwisho hakupiga kelele. Alikaa chini sakafuni, akafunika uso kwa mikono yenye grisi, na akabaki hivyo muda mrefu. Nilimwekea mkono begani. Mimi Mtanga, yeye Mlahori, lakini nilijua analia nini. Alikuwa anawaona watu wa nyuma ya pazia.

Kisha Arslan akapewa kipaza sauti, na alichosema ndicho kilichoshtua watu. Alisema kwao wapo wengine wenye nguvu kama yeye. Wengi walidhani ni adabu ya mshindi. Mwenzangu akaniambia, "Kaka, anasema kweli. Kuna watu wanamfunga."

Knee hakudhani ni adabu. Huyu ni mtu ambaye wakati ule wengi tulimhesabu kuwa mchezaji mkubwa kuliko wote waliowahi kutokea. Mwaka ule ule, kabla ya Evo ya Marekani, alifunga safari hadi Pakistan, akakaa nao, akacheza nao, na akafungwa na watu ambao majina yao hayakuwa popote kwenye mtandao. Kwangu mimi hiyo ndiyo siku historia iligeuka, zaidi ya siku ya kombe. Mfalme alitoka kwake akaenda kuketi kwenye benchi la wanafunzi, kwa hiari yake, mbele ya watu. Mwezi wa nane Las Vegas fainali ikawa Arslan na Knee, na Arslan akashinda. ESPN wakamtaja mchezaji bora wa gemu wa mwaka 2019.

Waliofuata umewaona mwenyewe. Awais Honey, Khan, Atif Butt. Fainali ya dunia iliyofanyika Amsterdam Februari 2023 alishinda Atif. Mwaka huo huo Arslan akarudia alichofanya 2019, Evo ya Japan na Evo ya Marekani kwa pamoja. 2024 ikaja Tekken 8, mchezo mpya, mwendo wa kushambulia zaidi, watu wakasema sasa subira yao haitafaa. Akashinda Evo tena.

Dogo_wa_Kihonda

Mzee wangu, nimesoma mara mbili. Hapo kwa Knee kwenda Pakistan sikuwahi kupasikia.

Sasa naomba swali la pili usinikwepe. Pazia, masanduku, anayefungwa analipa... hivyo si ndivyo vibanda vyetu vilivyokuwa? Baba mdogo ananiambia alikuwa anashinda Tekken 3 siku nzima. Wao wametoa Arslan, sisi tumetoa nani?

Mpwani_wa_Likoni

Niingilie hapo, jirani zangu. Usiseme hatujatoa mtu. Kenya tuko na Sylvia Gathoni, anajiita QueenArrow. Ni mchezaji wa Tekken 7, na mwaka 2018 alisajiliwa na timu ya kimataifa akiwa bado mwanafunzi wa sheria. Mwanamke wa kwanza Mkenya kufika hapo. Hajabeba Evo, lakini alipita mlango ambao haukuwa na hata kitasa upande wetu. Mimi nikimwona binti yangu ameshika pedi simnyang'anyi tena, na sababu ni huyo.

Ila swali la dogo ni la haki. Likoni tulikuwa na vibanda vitatu kabla hujafika feri, vyote Tekken 3. Kufika 2008 hivi vyote vilikuwa mpira tu.

Mzee_wa_Barabara12

Mpwani, asante kwa kumtaja huyo binti. Na neno lako la mwisho ndilo litakaloniingiza kwenye sehemu ngumu.

Mwanangu, sikukwepi. Nitakueleza kibanda changu kilivyokuwa, maana kwa vya wengine sina ushahidi.

Nilianza na PlayStation moja iliyochipiwa ili isome CD za kunakili, televisheni ya nchi 14, pedi mbili, na CD za kuchoma nilizonunua Kariakoo. Tekken 3 ndiyo iliyokuwa inaleta watu. Shilingi 50 mchezo, anayefungwa anainuka. Kulikuwa na kijana mmoja wa barabara ya 10, mtoto wa mshona viatu, alikuwa anacheza na Hwarang, mpiganaji wa mateke, kwa namna ambayo sijaona mfano wake mpaka nilipokaa na yule wa Lahore. Alikuwa anabadilisha miguu katikati ya pigo na hakuna aliyemfundisha. Alikuja saa nane baada ya shule na shilingi 50 yake, na saa kumi na mbili bado yuko pale pale.

Sasa ona nilichofanya. Wateja wakaanza kulalamika, "Huyu hatoki, tunakuja kukupa hela tu." Wengine wakahamia kibanda cha jirani. Nikaandika kwenye kadibodi nikabandika ukutani: MWISHO USHINDI MITANO, UNAMPISHA MWENZAKO. Biashara ikarudi. Lakini yule kijana aliyekuwa anapambana na watu arobaini kwa siku akawa anapambana na watano, anakaa nje kwenye tofali. Na wale wengine nao, badala ya kukutana na mtu aliyewazidi mpaka wamjue, wakawa wanangoja ainuke. Lahore mwenye duka hakuweka kadibodi ile. Mimi niliiweka, kwa mkono wangu, na wino mwekundu.

La pili ni marufuku. Wewe muulize baba yako mdogo. Mpiganaji Eddy Gordo marufuku, maana anabonyezwa ovyo anashinda. Kukaba marufuku, ni ushamba. Kumpiga mtu teke la chini mfululizo marufuku. Kumsukuma ukutani haikuwepo maana Tekken 3 haina ukuta, la sivyo tungeipiga marufuku pia. Kila kilichotushinda tulikiita cha kike au cha kijinga, tukakiondoa. Nilimsimulia mwenzangu wa Ruwi hayo akanitazama kwa mshangao kabisa. Akaniuliza, "Sasa mlijifunza vipi kumpiga Eddy?" Nikakaa kimya, kwa sababu hatukujifunza. Akachukua pedi, akaniwekea Eddy, akanionyesha. Lile teke la kuzunguka chini unalizuia ukiwa umechuchumaa, na likishazuiwa yeye ndiye yuko wazi, unanyanyuka na pigo lako. Dakika kumi tu. Kibandani kwangu liligombanisha watu miaka saba.

Na hapo kuna tabia yao nyingine ambayo naiona kubwa kuliko zote. Akikufunga kwa kitu kimoja mara tatu, anasimamisha, anakuonyesha jinsi ya kukitoka. Nilimuuliza kwa nini anajiharibia silaha yake. Akasema ukishajua kukitoka, na yeye atalazimika kutafuta kingine. Kibandani kwangu mtu akigundua kombo mpya, yaani mapigo yanayofuatana bila mpinzani kuyazuia, alikuwa anaziba mkono kwa fulana ili jirani asione vitufe.

La tatu ni mpira, na hili silioni kama kosa la mtu. Winning Eleven, gemu ya mpira, ilipokuja, kila kijana alikuwa tayari ana timu, tayari anajua kanuni, na hata anayefungwa bao tano amecheza dakika zake zote kumi alizolipia. Tekken mgeni analipa shilingi 50 anapigwa kwa dakika moja na nusu. Kwa mtu asiye na hela, mpira ni haki zaidi. Kufikia 2006 nilikuwa na mashine tatu, mbili za mpira. Umeme nao ulikuwa mgao wa kutisha mwaka ule, na mwaka uliofuata nikafunga.

La nne, hatukutembea. Kutoka Tanga kuvuka Horohoro hadi Likoni kwa Mpwani ni safari ya asubuhi, unarudi jioni. Katika miaka saba hakuna hata mara moja vijana wa Ngamiani walipanda basi kwenda kupima mikono Mombasa. Tulijua nani bingwa wa barabara ya 12, na wa barabara ya 15 tulimsikia tu. Mtoto wa mshona viatu yule sasa ni fundi wa friji Dar, ana watoto wanne. Nilimpigia baada ya Evo ile ya 2019 nikamsimulia. Akaniuliza kama Hwarang bado yupo kwenye toleo jipya. Nikamwambia yupo.

Kipanga_Mweusi

Mzee, nafuta nililosema juu. Na kweli Eddy alikuwa marufuku hata kwetu Iringa. Nilidhani ni sheria yetu peke yetu.

FremuKumi

Mzee, hilo la kumwonyesha mpinzani njia ya kutoka limenigusa. Dogo, mkiwa na Tekken 8 kuna sehemu ya mazoezi inayokuonyesha fremu za kila pigo, na marudio ya pambano lako unaweza kuingia katikati na kujaribu jibu lingine. Wale wa Green Arcade na wa nyuma ya pazia walilazimika kuyabaini hayo kwa kufungwa tu. Mtandao wa toleo hili pia ni bora kuliko wa 7, ingawa kutoka huku kwetu kwenda Ulaya au Ghuba bado umbali unaonekana mkononi.

Dogo_wa_Kihonda

Asanteni sana wakubwa. Nimewasomea wenzangu bwenini majibu yote. Tupo saba, kompyuta moja, pedi mbili. Tuna sheria kwamba kukaba mwisho mara mbili kwa raundi, kuanzia leo tumeifuta.

Mzee, kama ungekuwa wewe ndiye unaanza na watu saba, wiki ya kwanza ungefanya nini?

Mzee_wa_Barabara12

Ningeacha kombo kabisa wiki ya kwanza. Wawili wawili, hakuna kupiga isipokuwa ngumi ndogo na teke moja la chini, mnasogea na kurudi tu, mpaka mtu ajue urefu wa mkono wa mwenzake bila kuangalia. Mwenzangu alinitesa hivyo mwezi mzima Ruwi, na ndipo nilipoanza kuona mchezo. Wa pili, anayewazidi abaki kwenye kiti hata siku nzima. Msimwinue. Anayefungwa asiondoke bila kuuliza amefungwa na nini, na aliyemfunga ajibu kweli. Kila mmoja achague mtu wake asibadilishe kwa mwezi, na angalau mmoja wenu amchukue Eddy.

Mwezi wa kumi na mbili nakuja Morogoro kwa dada yangu, anakaa Mafiga. Nitakuandikia siku mbili kabla.

Dogo_wa_Kihonda

Karibu sana mzee wangu. Eddy nimemchukua mimi.